Gari la Mikate Hadi Gitothua

Mume wangu alipostaafu hakutaka saa ya ukutani wala blanketi. Alitaka gari. Lilikuwa gari la mikate alilokuwa ameliendesha tangu likiwa jipya, kutoka Thika hadi Ruiru na kurudi, siku sita kwa wiki, na kufikia mwisho wa miaka ya hamsini lilikuwa limechoka kuliko sisi wawili. Mwenye kiwanda, Mhindi mpole ambaye hakuwahi kuvua kofia hata mbele ya tanuri, alidhani anataniwa. Alipoona hataniwi alimpa ufunguo na kumwambia, "Chukua, lakini hii gari ikifa njiani usiniite mazishi." Mume wangu alipokuja kunieleza, nilimuuliza kama tutalipika au tutalila likiwa bichi. Hasira yangu ndivyo ilivyo, huanzia mdomoni.

Siku aliponifungulia mlango wa nyuma niingie, nilisahau kejeli niliyokuwa nimeiandaa. Miaka yote ile nilikuwa nimeliona kwa nje tu, likiondoka alfajiri na kurudi mchana. Ndani yake alikuwa ameng'oa rafu zote za mikate akabakisha mbili pana, moja kila upande, akaziwekea magodoro ya majani makavu. Alikuwa amekata dirisha ubavuni kwa mkasi wa bati, akatundika pazia lililotokana na gauni langu kuukuu bila kuniomba ruhusa. Kulikuwa na msumari wa taa, msumari wa sufuria, na gunia la kulalia mbwa wetu karibu na mlango. Mbao zenyewe zilinukia mkate. Ungeziosha kwa sabuni wiki nzima, bado zingenukia mkate.

"Tutalala kwa rafu?" niliuliza.

"Mikate ililala hapo miaka yote, Mama Watoto, na hakuna siku ilinung'unika."

Niliketi kwenye rafu yangu nikashika ukuta wa bati. Tulikuwa tumeishi katika chumba cha kiwanda maisha yetu yote ya ndoa, chumba kimoja katika safu ya vyumba kumi, na kila nilipopiga msumari ukutani nilikuwa ninapiga ukuta wa mtu. Hii ilikuwa nyumba yetu ya kwanza, na ilikuwa inaweza kwenda mahali. Nililia kidogo, mbwa akanilamba goti, mume wangu akajifanya anakagua taa.

Mpango wake ulikuwa kuwatembelea marafiki wa zamani. Miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya wakoloni ilipokuwa ikituwinda, ilikuwa imetutawanya vibaya. Mtu angeweza kuishi mwendo wa saa mbili kutoka kwako na usimwone miaka mitano, kwa sababu kila hatua ilitaka pasi, karatasi ya ruhusa ya serikali, na kila pasi ilitaka sababu. Sasa mambo yalikuwa yanalegea. Mume wangu alitaka kuanzia Kalimoni, kwa mzee aliyekuwa fundi wa tanuri kiwandani, halafu ashuke hadi Gitothua, kando ya Ruiru, kwa mwanamke wa rika langu.

Hapo Gitothua ndipo palipokuwa na kazi, na lazima niseme kwa nini. Mimi na yule mwanamke tulitoka utotoni siku moja, siku ya unyago, tukishikana mikono kando ya mto mmoja. Kwetu watu wa rika moja wamefungwa kuliko ndugu. Dada yako unaweza kumnunia mwaka mzima na hakuna atakayekulaumu sana, lakini wa rika lako humnyimi moto, humnyimi maji, humnyimi mlango.

Mimi nilimnyima mlango. Ilikuwa alasiri moja, miaka mitano kabla ya safari hii. Mume wake alikuwa amechukuliwa na askari, yeye mwenyewe hakuwa na pasi, na Thika nzima ilikuwa inasakwa nyumba kwa nyumba. Alibisha mlango wetu mara tatu, akaniita kwa jina la utotoni ambalo hata mume wangu hakulijua. Nilikuwa ndani nikimenya viazi. Mbwa alimtambua kwa sauti, akaanza kubweka kwa furaha, nami nikamrukia nikamfunga mdomo kwa mikono yote miwili. Nilijua kwamba anayepatikana na mtu asiye na pasi hupoteza chumba, mume wake hupoteza kazi, na pengine yeye mwenyewe akapotea. Yote hayo yalikuwa kweli, na hayajawahi kunisaidia. Nilisikia nyayo zake zikienda polepole, kama mtu anayesubiri kuitwa. Kabla jua halijatua alikamatwa karibu na daraja la Chania, akafungwa miaka miwili.

Mume wangu aliporudi nilimpakulia viazi. Sikumwambia siku hiyo, wala iliyofuata, na kadiri siku zilivyopita ndivyo jambo lilivyozidi kuwa gumu kusemeka. Yeye alijua tu kwamba mwenzangu alifungwa. Hakujua kwamba alipitia kwangu kwanza. Kwa hiyo aliponiambia, akiwa na furaha zake zote, kwamba tutaenda kumwona, nilikubali upesi mno. Moyoni nilikuwa nimekula njama. Kwetu humwendei mtu mikono mitupu. Kiondo hutangulia na wewe hufuata. Nilikusudia kumjazia kiondo mikate mpaka kusiwe na nafasi ya maneno. Angefurahi, angeshukuru, tungecheka, na ile alasiri ingebaki mahali ilipokuwa.

Tuliondoka Thika asubuhi, mvua za masika zikiwa ndio kwanza zimeanza. Pasi zetu nilizifunga kwenye leso nikazificha kifuani, kama tulivyozoea. Kila tulipokaribia mahali palipokuwa na kizuizi siku zile, mkono wangu ulienda kifuani wenyewe. Kila mara tulikuta njia wazi. Kizuizi cha kwanza kilikuwa kimebaki nguzo mbili na mbuzi mmoja amefungwa hapo. Mume wangu alipunguza mwendo hata hivyo, akatazama kushoto, akatazama kulia, akaondoka taratibu, na hakuna mtu aliyetuuliza tunakwenda wapi. Sijui nilieleze vipi jambo hilo kwa mtu ambaye hakuwahi kuulizwa. Nilitaka kushuka nimwambie hata yule mbuzi tunakokwenda.

Kulikuwa kumenyesha usiku, na hewa ilikuwa imeoshwa. Nyuma yetu mlima Kirinyaga ulikuwa umejifunua wote, theluji na yote, na mbele upande wa kushoto Kilimambogo ulikuwa umekaa peke yake katikati ya mashamba ya katani. Mume wangu alisimamisha gari. Alikuwa amepita hapo maelfu ya mara, na aliniambia hajawahi kuigeuzia milima ile kichwa, kwa sababu mikate ilikuwa inangojewa. Tuliitazama mpaka mbwa akachoka, akapanda ndani mwenyewe.

Kalimoni tulipokewa kama maharusi. Yule fundi wa tanuri alikuwa Mwislamu, mtu ambaye babu zake walitoka pande nne tofauti na yeye mwenyewe alizaliwa papa hapa kwetu, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kiasi cha kumfanya mume wangu aone haya kufungua kinywa. Yeye na mkewe walikuwa na shamba dogo la mboga na kuku wengi kuliko wanavyohitaji watu wawili. Lakini alichotaka tuone kwanza, hata kabla ya chai, kilikuwa tanuri.

Alikuwa amelijenga nyuma ya nyumba kwa pipa la mafuta lililolazwa, akalifunika kwa udongo wa kichuguu. "Karibu, shemeji," aliniambia. "Walinistaafisha mimi, hawakuustaafisha mkono wangu." Akanionyesha jinsi alivyopima moto miaka yote ile kiwandani. Alitia mkono mtupu ndani ya tanuri akahesabu kwa sauti ya chini. Akifika kumi bila kuutoa, moto ni mdogo. Akishindwa kufika tano, moto ni mkali, mkate utaungua nje na kubaki mbichi ndani. Siku hiyo alitoa mkono kwenye saba, akatabasamu, akasema tuko tayari. Nilikuwa nimekula mkate wake karibu maisha yangu yote na sikujua kwamba ulipimwa kwa mkono wa mtu. Nilimwomba nione kiganja. Kilikuwa laini ajabu, na mkono haukuwa na hata unywele mmoja hadi kiwiko.

Nilimwambia nataka mikate kumi na miwili ya kumpelekea rafiki Gitothua. Mkewe alisema mkate wa kumpelekea mtu usiwe wa siku zote, akatwanga iliki akaitia kwenye unga. Tulikaa pale nje tukingoja, mbwa akiwa amelala katikati yetu, na harufu ilipoanza kutoka, sote tuliigeuzia pua. Majirani walisimama kwenye ua wao. Nimewahi kusikia kwaya kubwa na nimewahi kusimama chini ya maporomoko ya Chania mto ukiwa umefurika, lakini nikiulizwa lini nilisikia mwili wangu wote ukisimama, nitasema ni hapo, tanuri la pipa lilipofunguliwa.

Fundi alipokuwa akiipanga mikate kwenye kiondo changu alinitazama kwa pembeni.

"Shemeji, mikate kumi na miwili, tena ya iliki. Huyo rafiki umemkosea nini?"

Alikuwa anatania. Nilicheka kwa nguvu kupita kiasi, nikakohoa, mkewe akaniletea maji. Alipokuwa akinipa kikombe aliniangalia machoni zaidi kidogo ya inavyohitajika, halafu akazungumzia kuku.

Tulilala hapo kwao, ndani ya gari letu, na kulipopambazuka tukashika njia ya Ruiru. Sasa nionyesheni mtu anayeweza kumtoa dereva wa mikate kwenye njia ya mikate. Barabara kuu ingetufikisha kwa muda mfupi. Mume wangu aliiacha akaingia barabara za udongo, kutoka duka hadi duka, kama alivyofanya kila siku ya kazi. Nilimuuliza tunakwenda wapi, akasema, "Hii gari inajua njia yenyewe." Nilimwacha. Mwanamume aliyestaafu ana vitu vichache vya kujivunia, na mimi sikuwa na haraka ya kufika.

Kwenye duka la kwanza alipiga honi, mbili fupi na moja ndefu. Sidhani hata alijua ameipiga. Watu wakatoka. Gari jipya la kiwanda lilikuwa linapita kwenye barabara kuu tu na kushusha kwenye maduka makubwa, na huku ndani walikuwa wamekaa miezi bila mkate. Alitoka mwenye duka na sinia yake, akatoka nyanya mmoja ameshika kitambaa cheupe kilichopigwa pasi, wakatoka wanawake na watoto mgongoni. Mume wangu aliteremka, nikasikia vicheko, nikasikia watu wakimwita baba na wengine wakimwita mwanangu. Nikasikia mlango wa nyuma ukifunguka na kufungwa. Nilidhani anawaonyesha rafu zetu, kwa sababu alikuwa anajisifu nazo kwa kila mtu.

Duka la pili, vivyo hivyo. La tatu, vivyo hivyo. Nilibaki nimeketi mbele nikistaajabu. Mume wangu alikuwa mtu wa maneno machache na kwa miaka yote nilidhani kazi yake ni kuendesha gari. Sikujua kwamba kulikuwa na watu wanaomngojea. Mzee mmoja aliyekuwa haoni alikuja akapapasa mlango wa gari, akapapasa taa, akasema, "Ni yeye," akarudi kuketi. Niliona haya kwamba wageni walikuwa wakimjua kwa namna ambayo mimi sikumjua.

Kwenye duka la nne niliteremka kunyoosha miguu, nikazunguka nyuma ya gari. Mume wangu alikuwa ameinama ndani ya kiondo changu. Alitoa mkate, akampa mama mmoja kwa mikono miwili, na kiondo kikaanguka kwa ubavu, kimekuwa chepesi. Ulikuwa mkate wa mwisho.

Sikupiga kelele mbele ya watu. Nilingoja tuondoke, tukafika mahali ambapo barabara inapita katikati ya shamba kubwa la kahawa, nikamwambia asimamishe. Aliposimamisha niliteremka nikaketi kwenye jiwe na kumwambia sitapanda tena.

"Walisikia honi," alisema. "Wametoka na vitambaa. Ningewaambia nini?"

"Ungewaambia umestaafu."

"Nilitaka. Mkono ulikuwa umeshafungua mlango."

"Na mimi nitaingia kwa mtu wa rika langu na kiondo kitupu? Unajua wewe umenivua nguo?"

Aliketi chini karibu na jiwe langu, akavua kofia. "Huyo ni mtu wako," alisema. "Hata ukienda mikono mitupu atakupokea. Ingekuwa mgeni, ningeelewa." Alisema kwa wema mtupu, na ndiyo maana maneno yake yaliniuma. Nilifungua kinywa nimwambie yote. Nikakifunga tena. Mbwa alikuja akaketi katikati yetu, yeye pekee aliyekuwa na mimi chumbani siku ile.

Kwa sababu sikutaka kumtazama mume wangu, nilitazama kahawa. Ilikuwa imechanua. Mvua ya kwanza ikigonga kahawa iliyokauka, baada ya siku chache maua hufunguka yote kwa pamoja, na hukaa siku mbili au tatu tu. Shamba lote lilikuwa jeupe, safu baada ya safu, mpaka mahali ambapo jicho linachoka. Harufu yake ilikuwa tamu na nzito, na nyuki walikuwa wengi hata ardhi ilikuwa kama inaimba. Nilikuwa nimechuma kahawa nikiwa msichana, mimi na yule wa Gitothua, safu moja, yeye upande huu na mimi upande ule. Kahawa kwangu ilikuwa mgongo kuuma na debe lisilojaa. Sikuwa nimewahi kuketi mbele yake. Hasira ilinitoka bila mimi kuiruhusu, na mahali pake pakabaki woga, peke yake, bila kitu cha kujifunika.

"Turudi Kalimoni afanye mingine?" mume wangu aliuliza.

Ningeweza kusema ndiyo. Ingekuwa siku moja zaidi. Nilitazama kile kiondo kitupu na nikaona wazi kwamba mikate ile haikuwa zawadi, ilikuwa mlango mwingine niliokuwa ninajifungia. Nilisimama nikapanda gari. "Twende," nilimwambia, "kabla sijabadilisha mawazo." Aliwasha gari haraka sana.

Nyumba yake Gitothua ilikuwa ya udongo, ndogo, imefagiliwa mpaka mbele ya mlango palikuwa na alama za ufagio. Alikuwa shambani, anapalilia mahindi. Mbwa alitangulia kuruka nje, akamkimbilia, akamzunguka mara mbili akilia puani. Mwenzangu alijinyoosha polepole, mkono kiunoni. Nywele zake zilikuwa nyeupe. Tulikuwa wa umri mmoja na zangu zilikuwa bado nyeusi, na hilo niliona kabla ya kuona kitu kingine.

"Ni wewe," alisema.

"Ni mimi."

Akanisalimu kwa mkono, akamsalimu mume wangu, akatazama gari. Alitaka kuonyeshwa. Mume wangu, ambaye hakuhitaji kuombwa mara mbili, alimwonyesha misumari yote, dirisha, pazia. Mwenzangu alipanda, akalala kwenye rafu yangu, akafumba macho, akavuta hewa. "Mnalala ndani ya mkate," alisema. Alicheka, na kicheko chake kilikuwa kilekile, kikubwa kuliko kifua chake. Nilisimama nje na kiondo changu kitupu nimekishika mbele ya tumbo. Alipoteremka alikitazama, kisha akanitazama.

Alituingiza ndani na kutuweka kwenye viti. Uji ulikuwa jikoni, mzito, wa mtama. Sasa, kwetu mgeni akipewa uji, mwenye nyumba huonja kwanza mbele yake, ndipo amkabidhi kibuyu. Ni heshima, na ni kumhakikishia mgeni kwamba hakuna ubaya ndani. Lakini watu wa rika moja hawaonjeani. Kumwonjea wa rika lako ni kumwambia kwamba amekuwa mtu wa nje, anayehitaji kuhakikishiwa. Mimi na yeye tulikuwa tumenywea kibuyu kimoja tangu tukiwa na meno ya utoto, na hakuna siku mmoja alimwonjea mwenzake.

Alimimina uji wa mume wangu, akaonja, akampa. Hiyo ilikuwa sawa. Kisha akamimina wangu. Alikiinua kibuyu, akakileta mdomoni, akaonja, akanikabidhi.

Nilikipokea kwa mikono miwili. Hakuna askari wala hakimu ambaye angenisomea hukumu kwa upole namna ile. Na kwa kuwa ilikuwa imeshasomwa, sikuona tena sababu ya kuficha kosa. Niliweka kibuyu chini.

"Siku ile ulipobisha nilikuwa ndani," nilisema. "Nilikusikia. Nilikuwa ninamenya viazi. Sikufungua kwa sababu niliogopa."

Mume wangu aligeuza kichwa akanitazama. Niliishi naye mpaka alipozikwa, na sikuona tena macho yale. Halafu aliinuka, akasema anaenda kuangalia gurudumu, akatoka. Gurudumu halikuwa na kitu. Kila palipokuwa na jambo zito mume wangu alikwenda kuangalia gurudumu, na aliliangalia muda mrefu.

Mwenzangu alikuwa anakoroga sufuria.

"Nilijua," alisema. "Mbwa alianza kubweka halafu akanyamaza katikati. Mbwa hanyamazi hivyo mwenyewe. Kuna mkono."

"Ulijua miaka yote hii."

"Gerezani kuna nafasi ya kufikiria mbwa." Alikung'uta mwiko kwenye ukingo wa sufuria. "Nilikuchukia miaka miwili. Nilikuchukia vizuri, asubuhi na jioni, sikukosa siku. Mwaka wa tatu nilitoka nikapewa hapa, na shamba lilikuwa limejaa magugu ya sangari. Sangari ukiichekea inakula kila kitu. Nilikuwa ninalala nimechoka. Siku moja nikakumbuka kwamba sijakuchukia tangu juzi."

Alisema hivyo kama mtu anayeeleza bei ya chumvi. Nilimtazama, mwanamke mdogo mwenye mikono iliyopasuka, na nikasikia woga wa namna nyingine, ule mtu anausikia mbele ya kitu kikubwa kuliko yeye. Mimi nisingeweza. Ninajijua. Ningechukia mpaka kaburini na ningewaachia watoto waendeleze. Na pamoja na hayo yote mdomo wangu, ambao haujawahi kunitii, ukafunguka kwa hasira.

"Basi kama hunichukii, kwa nini umenionjea kama mgeni?"

Aliacha kukoroga. Alinigeukia na kwa mara ya kwanza siku hiyo alionekana kukasirika kweli.

"Nimekuonjea kwa sababu ni moto," alisema. "Wewe umewahi kungoja uji upoe? Tangu tukiwa wasichana ulimi wako umebabuka, halafu unalia usiku kucha na mimi ndiye sipati usingizi. Nilikuwa ninaangalia kama unaweza kunywa."

Akachukua kibuyu kutoka chini mahali nilipokiweka, akakitikisa, akapuliza juu yake mara mbili, akaonja tena kwa ncha ya mdomo. Kisha akanirudishia.

"Bado kidogo," alisema. "Ngoja."

Nikangoja.